Mhariri, siku yetu fupi ni ya Juni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Najua ukurasa huu ni wa wenye shida ya maji, barabara na mbolea, na mimi ninachokuja nacho ni jua tu. Lakini nimefundisha jiografia miaka 34, na mwalimu akistaafu maneno hayamwishi, wanaomwisha ni wanafunzi. Basi leo mwanafunzi ni wewe.

Toleo lenu la tarehe 21 Disemba lilikuwa na habari fupi ukurasa wa ndani, chini ya picha ya Wazungu waliojifunika mablanketi mbele ya mawe ya Stonehenge kule Uingereza. Kichwa cha habari kilisema leo ni siku fupi kuliko zote za mwaka. Ndani mkatuambia kwamba usiku wa kuamkia kesho utakuwa mrefu kuliko mwingine wowote, na kwamba kipupwe ndiyo kimeanza. Hamkusema wapi. Msomaji wa Njombe, wa Songea au wa Mtwara akifungua gazeti anadhani anaambiwa yeye.

Mjukuu wangu wa darasa la sita ndiye aliyenisomea, mimi nikiwa napepeta maharage. Alipomaliza akauliza, "Kwa hiyo Bibi, leo giza litaingia mapema?" Nikaweka ungo chini.

Tulitafuta mpini wa jembe, tukauchimbia uani mpaka ikabaki mita moja kamili juu ya ardhi, tukahakikisha umesimama wima kwa uzi uliofungwa jiwe. Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, lakini kufika saa sita mawingu yakaachana. Adhuhuri ya kweli hapa Njombe siku hiyo, yaani jua linapofika juu kabisa, haiwi saa sita kamili kama wengi wanavyodhani. Ni kwenye saa sita na dakika 39. Mjukuu akashika futi ya cherehani, mimi nikashika saa. Kivuli cha mpini kilikuwa sentimita 25 tu, na kililala kuelekea kaskazini, upande wa choo. Maana yake jua lilikuwa limeshatupita, liko kusini mwetu, tena juu sana, halikuwa mbali na utosi. Siku hiyo lilichomoza karibu na saa 12 na dakika 19 asubuhi, likatua ikikaribia saa moja kamili jioni. Hesabu: saa 12 na dakika 40 hivi za mwanga. Hiyo, Mhariri, ndiyo siku ndefu kuliko zote tunayopewa Njombe mwaka mzima, na ndiyo hiyo mliyotuandikia kuwa fupi.

Fupi yetu ni ya tarehe 21 Juni. Siku hiyo jua hapa huchomoza saa moja asubuhi kasoro dakika nne na kutua saa 12 na nusu jioni, mwanga wa saa 11 na dakika 34. Kivuli cha mpini uleule huwa sentimita 64, nacho hulala upande wa kusini. Tofauti kati ya siku hizo mbili inazidi saa moja. Aliyeko Bukoba hawezi kuigundua, kwa sababu kwake ni kama dakika tisa tu. Dar es Salaam ni dakika 47 hivi. Songea inafika saa moja na robo. Nchi ni moja lakini kila mmoja ana jua lake.

Sababu yenyewe nilikuwa nikiifundisha kwa chungwa, kijiti cha mishikaki na koroboi. Unalichoma chungwa katikati kwa kijiti, unakiinamisha kidogo, halafu unalizungusha chungwa kuizunguka koroboi iliyo mezani. Siri yote iko kwenye mkono: kijiti lazima kielekee mlangoni wakati wote, hata ukiwa upande wa pili wa meza. Wanafunzi wengi hukosea hapo, hukigeuza kijiti kiifuate taa. Ukifanya sawasawa utaona kwamba upande mmoja wa meza kichwa cha juu cha chungwa kimeinamia taa, na upande wa pili kimeipa kisogo. Mhimili wa Dunia umeinama nyuzi 23.4 namna hiyohiyo. Disemba nusu ya kaskazini imelipa jua kisogo, na sisi wa kusini tumelielekea. Jua la utosi siku hiyo liko Tropiki ya Kaprikoni, mstari unaopita Namibia, Botswana, Afrika Kusini, Msumbiji na Madagaska. Juni linakuwa limehamia Tropiki ya Kansa, huko juu.

Kuna kosa moja nililisahihisha kila mwaka na bado likarudi kila mwaka, kama magugu. Wanafunzi waliandika kwamba Ulaya kuna baridi Disemba kwa sababu jua limekwenda mbali. Ni kinyume. Dunia hulikaribia jua kuliko wakati wowote mwanzoni mwa Januari, kilomita kama milioni 147, na kuwa mbali nalo kuliko wakati wowote mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Yaani wakati Msweden anakwangua barafu kwenye kioo cha gari ndipo sote tuko karibu na moto. Kinachomponza si umbali, ni kuinama: mwanga unamfikia kwa ubavu, unasambaa juu ya eneo kubwa, tena kwa saa chache.

Wataalamu huita siku hizi mbili solistasi, kutoka Kilatini, kwa maana ya jua kusimama. Mimi darasani nilisema "kisimamo cha jua" na hakuna aliyenishtaki. Na kweli linasimama. Mpini wangu nimeuacha uani. Tangu wiki moja kabla ya tarehe 21 hadi wiki moja baada yake, kivuli cha adhuhuri hakibadiliki hata milimita tano. Linganisha na Machi, ambapo wiki moja tu hukisogeza karibu sentimita tano.

Sasa nije kwenye neno kipupwe, maana hilo liliniudhi kuliko mengine. Kipupwe ni neno letu. Ni ile baridi inayokuja masika yakishapita, Juni hadi Agosti, upepo wa kusi ukivuma. Baba zetu wa pwani hawakulitunga ili wafasiri wapate pa kubandikia theluji ya London. Mkiandika kwamba kipupwe kinaanza Disemba, mnamwambia mvuvi wa Kilwa kwamba kusi imeanza kuvuma wakati yeye yuko baharini na kaskazi mgongoni. Kaskazi yenyewe inavuma kwa sababu jua liko kusini: nchi kavu na bahari za kusini zinapata joto, hewa inavutwa kutoka Arabuni na Bara Hindi kuja huku, na kwa karne nyingi majahazi yalishuka nayo. Jua la Disemba ndilo lililotuletea tende na mazulia. Semeni "majira ya baridi ya Ulaya", nafasi ipo.

Mhariri, nisionekane mtu wa kubeza mambo ya watu. Hiyo siku fupi ya Disemba mimi nimeikaa. Wasomaji wa rika langu watakumbuka kwamba vyuo vyetu vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, vilifuata mfano wa vyuo vya watu wazima vya Skandinavia, na Wasweden walitusaidia sana kuviendesha. Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nikifundisha kwenye chuo kimoja cha aina hiyo, nikapelekwa Sweden kwa miezi mitatu kuona wenzetu wanavyofanya. Nilifika Novemba nikiwa na koti la mtumba nililolinunua Makambako, nikiamini mtu wa Njombe haambiwi baridi.

Baridi niliiweza. Giza ndilo lililonishinda. Chuo kilikuwa nje kidogo ya Stockholm, nyuzi 59 kaskazini, na chumba changu kilikuwa juu ya jiko. Mpishi, mama mmoja wa makamo ambaye ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu hasa, alitaka nimfundishe Kiswahili. Tulianza na salamu, tukaenda kwenye saa, na hapo tukakwama. Nilimweleza kwamba kwetu saa hazianzi usiku wa manane kama kwao. Zinaanza jua linapochomoza: likishapanda kwa muda wa saa moja, ndiyo saa moja, saa sita liko kichwani, saa 12 linatua, halafu unaanza kuhesabu usiku. Alifurahi sana. Akachukua kalamu akajaribu kuihesabu siku yake kwa saa zangu. Wiki hiyo jua lao lilikuwa likichomoza karibu na saa tatu kasoro robo asubuhi na kutua saa tisa kasoro dakika kumi na kitu mchana. Ukianza kuhesabu lilipochomoza, siku yake iliishia saa sita. Alikaa akaitazama ile karatasi. "Nusu," akasema kwa Kiswahili, neno alilojifunza kwangu kwenye mikate.

Sijui kama wasomaji wataelewa. Kiswahili kimezaliwa mahali ambapo mchana na usiku vinagawana sawa karibu mwaka mzima, ndiyo maana lugha yetu inaweza kuliamini jua ikalifanya saa. Kule lugha ikiliamini jua itachelewa kazini. Nilikuwa nimefundisha mistari ya latitudo kwa miaka mingi, naichora ubaoni kwa rula, lakini sikujua kwamba mtu anaweza kuisikia kifuani. Mawingu yalitanda siku tisa mfululizo. Siku ya tisa nilijikuta nimesimama mbele ya friji ya chuo, mlango wazi, sitafuti kitu, natazama ile taa ya ndani.

Tarehe 13 Disemba, alfajiri, niliamshwa na sauti za watu wakiimba kwenye ngazi. Nikafungua mlango. Msichana amevaa kanzu nyeupe, mkanda mwekundu kiunoni, na kichwani mishumaa inawaka. Moto wa kweli, juu ya nywele! Nyuma yake wenzake, kila mmoja na mshumaa mkononi, na wa mwisho kabeba sinia la mikate midogo ya manjano iliyokunjwa kama mkia wa paka, yenye zafarani. Kama hakuna aliyekuambia kabla, unadhani umeshakufa na wamekuja kukupokea. Mpishi ndiye aliyenituliza: leo ni Mtakatifu Lusia, kula mkate.

Baadaye nilijiuliza kwa nini tarehe 13 na si 21, na jibu ni la kijiografia tupu, likanifurahisha kuliko ule mkate. Kalenda ya zamani, ya Julius Caesar, ilikuwa na mwaka mrefu kidogo kuliko mwaka wa jua, hivyo ikawa inateleza siku moja kila baada ya miaka kama 128. Katika karne ya 14 usiku mrefu kuliko wote ulikuwa umefika kwenye tarehe hizo za Lusia. Sweden ilirekebisha kalenda yake mwaka 1753: watu walilala tarehe 17 Februari wakaamka tarehe 1 Machi, siku 11 zimefutwa. Kisimamo cha jua kikarudi kwenye tarehe 21, lakini Lusia hakuhamishwa. Watu walishazoea kwamba usiku mrefu ni wake. Kalenda inasahihishwa na serikali, sikukuu haisahihishwi na mtu.

Tarehe 21 yenyewe haikuwa na sherehe yoyote. Mawingu yalifunguka mchana, na mimi nikatoka nje na viatu vya kuazima nikapime. Ukinyoosha mkono ukakunja ngumi, ngumi hiyo ni kama nyuzi kumi za anga. Jua la adhuhuri halikufika urefu wa ngumi moja juu ya miti. Lilikuwa nyuzi saba hivi. Kivuli changu, mimi niliye mfupi, kilivuka uwanja wote wa chuo hadi kwenye baiskeli, zaidi ya mita 12. Nilikipima kwa hatua. Mpishi alikuwa dirishani ananicheka. Kila dirisha la nyumba zao Disemba lina taa, vinara vya mishumaa saba vya umeme au nyota ya karatasi, na lake lilikuwa na kinara. Kesho yake asubuhi, akikoroga uji, akaniambia kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kwamba sasa tunaelekea kwenye mwanga. Nikahesabu: siku hiyo ilikuwa imeizidi ya jana kwa sekunde chache tu. Sekunde! Lakini aliimba asubuhi nzima.

Na kwenye ibada ya alfajiri ya Krismasi, ile wanayoiita julotta, nje giza totoro, kanisa la mawe limejaa mishumaa, lilisomwa lile neno la Isaya kuhusu watu waliokuwa wakienda gizani wakaona nuru kuu. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa. Nimelisikia neno hilo kila Krismasi tangu utoto, jua likiwa limeshapanda, mvua inapiga bati, watoto wanakaguana viatu vipya. Siku ile ndiyo kwa mara ya kwanza lilinipata.

Hapa ndipo maana ya kiroho inapoingia, na hapa ndipo naona tunaimeza bila kutafuna. Warumi wa kale katika kalenda yao walikiweka kisimamo cha Disemba kwenye tarehe 25. Kumbukumbu ya kale kuliko zote ya Krismasi kuadhimishwa tarehe hiyo ni ya Roma, mwaka 336. Wanahistoria wanabishana kama tarehe ilichaguliwa kwa ajili ya jua au kwa hesabu nyingine, nami sitaki kuingia kwenye ugomvi huo. Lakini kwamba waumini wa zamani waliiona ishara angani, hilo liko wazi. Augustino, askofu wa Hippo, mji ulioko Algeria ya leo, alihubiri kwamba Kristo kazaliwa siku zinapoanza kurefuka, na Yohana Mbatizaji, ambaye sikukuu yake ni tarehe 24 Juni, kazaliwa zinapoanza kufupika. Na Yohana mwenyewe alisema yule lazima azidi, na yeye apungue. Mahubiri mazuri mno. Kwa aliyeko kaskazini mwa ikweta.

Huku kwetu ni kinyume kabisa. Krismasi ikifika, siku zetu zimeshaanza kupungua. Siku ya Yohana ndipo mwanga unaanza kuongezeka. Niliwahi kumsikia mchungaji mmoja akitangaza mimbarani tarehe 25 kwamba "kuanzia leo nuru inazidi duniani, hata wanasayansi wanakubali". Nilibana kitambaa mdomoni. Sikumwendea, maana ni kijana mwema na mke wake alikuwa mgonjwa. Wala sisemi Krismasi ihamishwe, nisije nikaitwa kwenye baraza la wazee. Ninachosema ni kwamba wale wa kale walisoma anga lao. Sisi tunasoma anga lao pia, kwenye karatasi, na la kwetu liko wazi juu ya paa.

Hebu tulisome. Disemba Njombe hatusubiri mwanga, tunao hadi unatuchosha. Mahindi yako magotini, palizi imebana, ghala la mwaka jana linaonyesha sakafu. Tunachosubiri ni mvua isikate. Krismasi yetu ni ya watu walio katikati ya kazi, siku ndefu kuliko zote, jembe liko nyuma ya mlango. Juni ndiyo yenye usiku. Mavuno yako darini, mashamba ya viazi yanaamka meupe kwa umande ulioganda, watu wanapishana barabarani mikono makwapani, saa moja asubuhi watoto wanakwenda shule ndiyo kwanza jua linachungulia. Jioni familia nzima iko kwenye jiko la kuni. Mlango wa jiko langu unatazama kaskazini. Disemba jua la mchana haligusi kizingiti, lakini Juni linaingia hatua moja ndani na paka analala palepale. Kijana aliyenifungia sola naye aliuinamisha mtambo kuelekea kaskazini bila kuniuliza. Kwa hiyo paka anajua, fundi anajua.

Na jirani yangu muuza duka anajua. Siku ya mpini alikuja kuchungulia tunafanya nini. Nilipomweleza alicheka. "Mwalimu, hili sisi tumesomeshwa madrasa." Alasiri yao huingia kivuli cha kitu kikifikia urefu wa kitu chenyewe, ukiongeza kile kivuli cha adhuhuri, lazima basi ujue kivuli cha adhuhuri, na hicho kinabadilika kila mwezi. Alinipeleka dukani, akanionyesha ratiba ya swala ukutani, katikati ya sabuni na betri. Humo nikaona jambo ambalo hata walimu wenzangu hulisahau: Magharibi haianzi kuwahi mara baada ya tarehe 21. Inaendelea kuchelewa hadi mwisho wa Januari, hadi kama saa moja na dakika kumi jioni hapa kwetu, kwa sababu adhuhuri yenyewe inasogea mbele kwenye saa. Siku inapunguzwa upande wa asubuhi. Mtu akipima kwa jioni peke yake atadanganyika. Nilirudi nyumbani nikijiuliza ni miaka mingapi nimenunua chumvi chini ya ile ratiba bila kuisoma.

Wapo wa kusini wengine waliosoma anga lao. Cusco, Peru, iko nyuzi 13 na nusu kusini, si mbali na latitudo ya kwetu. Wainka walikuwa na sikukuu ya jua, Inti Raymi, kwenye kisimamo cha Juni, jua linapokuwa limewaendea mbali kaskazini na baridi ya milimani imekaza. Wahispania waliipiga marufuku. Mwaka 1944 watu wa Cusco waliirudisha, na sasa huadhimishwa tarehe 24 Juni, siku ileile ya Yohana. Sisi hatuna sikukuu ya namna hiyo na sitaki tuibe ya mtu. Lakini tangu nilipostaafu, kila tarehe 21 Juni giza likiingia nawasha koroboi naiweka dirishani, kwa kumkumbuka mpishi wangu. Mwaka wa kwanza majirani watatu walikuja kuuliza kama umeme umekatika kwangu peke yangu. Siku hizi wanapita tu, na mmoja wao, sitamtaja, mwaka jana na yeye aliweka ya kwake.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mkipokea habari za mashirika ya nje kuhusu jua, ongezeni maneno matatu: kaskazini mwa ikweta. Pili, tafuteni nafasi ya vidole viwili, pale pembeni ya matangazo ya kubashiri mpira, muandike kila siku jua linachomoza na kutua saa ngapi Bukoba, Dar es Salaam na Songea. Mwalimu wa darasa la tano hatahitaji zana nyingine.

Na kama mna mwandishi huku Nyanda za Juu Kusini, mtumeni kwangu tarehe 21 Juni. Mpini bado umesimama uani. Afike kabla ya saa sita na dakika 43 mchana, asiseme ni saa za Kiafrika, maana kivuli hakitamngoja. Na aje na sweta.

Mwalimu Mstaafu,
Njombe.